Sura Yako Haikuongezei Karata

Ndugu zangu wa Base Camp, Rubondo na Juru, na ninyi wahudumu wa mashirika mnaosoma jarida letu: leo naandika juu ya karata. Najua kuna mzee atasema, watu wana njaa hapa Nakivale, huyu kijana anatuletea mambo ya karata. Mzee wangu, subiri kidogo. Vijana ninaofanya nao kazi wanacheza poka kwenye simu kila siku, na wengine wanaingiza humo hela ya sabuni, hela ya unga, na hela waliyotumiwa na ndugu aliye Kampala. Wapo pia watu wazima wanaowafundisha uongo kwa malipo. Shilingi elfu mbili kwa saa moja chini ya kivuli, na MB unanunua mwenyewe.

Uongo wenyewe ni huu: ati ukijijengea sura mezani, wenzako wakakuona mtu mgumu, basi unaweza kucheza karata yoyote, juu wote watakukimbia.

Mimi nasema hapana, na nitaonyesha kwa hesabu, siyo kwa mahubiri. Halafu nitawageukia wale wanaofikiri dawa ni kuchoma karata zote. Hao nao wana lao la kujibu.

Kwa wasioucheza, nieleze kwa kifupi. Poka inayochezwa sana kwenye simu ni ile ya Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili, anaziona peke yake. Baadaye karata tano zinafunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Mwenye mpangilio bora wa karata tano anabeba kilichowekwa. Kabla ya yote, watu wawili wanalazimishwa kuweka dau, mmoja nusu na mwingine dau zima, ili kuwe na kitu cha kugombania. Kisha kila mtu kwa zamu yake anachagua: kutupa karata zake, kulipa dau, au kupandisha.

Uamuzi huo wa kwanza, wa kuingia au kutupa ukiwa na karata mbili tu mkononi, ndio mzizi wa mchezo wote. Ukiingia vibaya pale, mengine yote yatakuwa ni kuokoa nyumba inayoungua.

Sasa sura ya mezani ni nini? Ni yale wenzako wanayoyaamini juu yako kwa sababu ya uliyoyafanya mbele yao. Ukitupa karata mara nyingi, wanasema huyu ni mgumu, akiingia ana kitu. Ukiingia kila mara, wanasema huyu ni mwepesi, anaingia na takataka. Sura ni historia yako mbele ya macho ya watu walewale. Siyo picha unayobandika kwenye akaunti yako. Nasema hivyo kwa sababu kuna kijana alibandika picha ya mzee mzungu mwenye suti na miwani, akaniambia, "Kaka, sasa wataniogopa." Nikamuuliza, nani atakuogopa? Mwenzako yuko Brazili au Urusi, ameshika simu mkono mmoja na chai mkono mwingine. Hata hiyo miwani hajaiona.

Nitakuwa mkweli kuliko hao walimu wa kivulini: sura ina nguvu. Hiyo siyo hadithi. Ukionekana mgumu na ukapandisha, watu wengi zaidi watatupa. Lakini nguvu hiyo ina kipimo, na kipimo kinahesabika hata kwa mtu aliyeishia sekondari kama mimi.

Chukua mfano. Dau zima ni 1, dau nusu ni 0.5. Katikati kuna 1.5. Wewe unapandisha kwa kuweka 2.5 ukiwa na takataka, unatumaini wote watakimbia. Unaweka 2.5 ili upate 1.5. Tuseme ukilipwa unapoteza yote. Ili usile hasara, lazima mpango wako ufanikiwe mara ngapi? Gawa 2.5 kwa 4. Unapata mara 62 na nusu katika 100. Yaani hata ukifanikiwa mara 50 katika 100, nusu kwa nusu kabisa, bado unapoteza: mara 50 unapata 1.5, ni 75. Mara 50 unapoteza 2.5, ni 125. Umeachwa na deni la 50. Mtu anayeshinda nusu ya majaribio yake na bado anafilisika, huyo ndiye mwanafunzi wa mwalimu wa kivulini.

Ni kweli, ukilipwa haupotezi kila mara. Karata za katikati zinaweza kukubeba. Kwa hiyo kipimo halisi ni chini kidogo ya hapo. Lakini angalia sasa jambo la kiti, ambalo walimu hawa hawalitaji kabisa.

Meza kubwa ina watu tisa. Ukikaa kiti cha mgawaji, na wote wa mbele yako wametupa, wamebaki wawili tu wa kuwatisha, wale wa dau za lazima. Ili wote wawili wakimbie mara 62 katika 100, kila mmoja anatakiwa atupe karibu mara 79 katika 100. Ni kazi, lakini kwa mtu mwenye sura ngumu mbele ya watu waoga, inawezekana. Hapo sura inakusaidia kweli. Hapo unaweza kuongeza karata chache ambazo kawaida ungezitupa.

Sasa hamia kiti cha kwanza kuongea. Nyuma yako kuna watu wanane. Ili wote wanane wakimbie mara 62 katika 100, kila mmoja anatakiwa atupe zaidi ya mara 94 katika 100. Wakitupa mara 80 kila mmoja, ambayo ni nyingi, wote wanane watakimbia pamoja kama mara 17 tu katika 100. Sura gani hiyo itakayowafanya watu wanane, wasiojuana, wengine wanaangalia mpira, wote watupe hivyo? Hata mkuu wa kambi hana sura hiyo.

Basi sheria ya kwanza, na ningependa ibandikwe ukutani: sura inaongeza karata kidogo kwenye viti vya mwisho, na kwenye viti vya kwanza haiongezi kitu.

Kuna jambo la pili, baya zaidi. Sura ngumu inachuja. Ukionekana mgumu na ukapandisha, wenye karata dhaifu wanakimbia. Nani anabaki? Anabaki mwenye karata nzuri kuliko hizo zako. Wewe umepandisha na K-6. Mwenye K-4 ametupa, mwenye J-9 ametupa. Amebaki mwenye K-Q. Sasa mna K wote, na yeye ana mwenzake mkubwa kuliko wako. Hapo utashinda kama robo ya mara, basi. Na baya zaidi, K ikitokea katikati utafurahi, utaongeza hela, kumbe unamlipa yeye. Sura yako ngumu imefukuza watu ambao ungewapiga, ikakuachia wale wanaokupiga. Mwalimu wa kivulini hasemi hivyo, juu hajui, au juu anajua na wewe ni mteja wake.

Na kuna nusu ya somo wanayoificha kabisa. Sura ina pande mbili. Wanafundisha ya mtu mgumu: "ukionekana mgumu, fungua." Hawafundishi ya mtu mwepesi: ukionekana mwepesi, funga. Kama umeshikwa mara mbili na takataka, watu hawakuamini tena, watakulipa kila ukiingia. Hapo siyo wakati wa kuwatisha. Hapo unasubiri karata zinazoshinda zikilipwa: jozi kubwa, A-K, A-Q. Sura mbaya inaweza kuwa faida kwa mwenye subira, kwa sababu siku ukipata asi mbili, watakulipa wakidhani unadanganya kama jana. Lakini nusu hii inahitaji kukaa na kutupa, kutupa, kutupa. Somo la kutupa haliuziki kwa elfu mbili.

Hesabu ya kutupa ni hii. Karata ni 52, na namna za kupata mbili ni 1,326. Asi mbili zinapatikana kwa namna 6 tu, yaani mara moja katika 221. Jozi yoyote, hata ya 2, ni mara moja katika 17. Ukichukua jozi zote kuanzia 7 kwenda juu, ukaongeza A-K zote na A-Q zote, unapata namna 80. Hiyo ni kama 6 katika 100. Hata ukiongeza nyingine nzuri, kwenye kiti cha kwanza cha meza ya watu tisa mtu makini anabaki na kitu kama 10 au 12 katika 100. Zingine zote ni za kutupa.

Sasa fikiria kijana wa hapa. Amesubiri maji bombani. Amesubiri mgao. Tangu 2023 chakula kilipoanza kugawanywa kwa makundi, kuna familia zinazopata sehemu na nyingine hazipati kitu, kwa hiyo amesubiri pia majibu ya malalamiko ya mama yake. Amesubiri kupigiwa simu juu ya safari ya Amerika, mwaka wa saba sasa. Halafu anafungua mchezo kwenye simu, na mchezo unamwambia: tupa mara 88 katika 100, subiri. Hapana! Moyo wake unakataa. Kusubiri ndiyo kazi yake ya mchana kutwa, hataki tena kusubiri usiku kwa raha yake.

Hapo ndipo uongo wa sura unapopata soko. Unampa kijana ruhusa ya kuingia. Haingii kwa sababu J-5 ni nzuri. Anaingia kwa sababu amechoka, lakini sasa ana neno tamu la kusema: "Nimewajengea sura, wananiogopa." Nikisikia neno hilo, nauliza swali moja tu: umekaa na watu hao karata ngapi? Mara nyingi jibu ni kumi, kumi na tano.

Tuhesabu tena. Kuna mtu anayecheza karata 15 katika 100, mtu wa kawaida kabisa, makini. Nafasi ya kumwona akitupa mara kumi mfululizo ni kama moja katika tano. Mwingine anacheza 25 katika 100, huyo ni mwepesi kidogo. Naye anaweza kutupa kumi mfululizo, kama mara 5 au 6 katika 100. Kwa hiyo ukitupa mara kumi, mtu anayejua mchezo hajifunzi chochote kikubwa juu yako. Anajua kwamba karata zilikuwa mbaya. Asiyejua mchezo hakukuangalia kabisa. Sasa hiyo sura yako iko kwenye kichwa cha nani? Kichwani mwako peke yako.

Na kwenye simu ni ngumu zaidi kuliko mezani kwa uso. Mezani kwa uso mnakaa saa nyingi na watu walewale, mnaonana mikono na macho. Kwenye intaneti watu wanaingia na kutoka kama abiria wa taksi. Kuna meza za haraka ambazo ukitupa tu unahamishiwa meza nyingine yenye watu wengine, kwa hiyo historia yako inafutwa kila dakika. Wachezaji wengine wanacheza meza nne au nane kwa wakati mmoja. Hao hawakuoni. Na wale wachache wanaokuona kweli, wanatumia programu zinazohesabu kila ulichofanya: umeingia mara ngapi, umepandisha mara ngapi, kutoka kiti gani. Hao wanakuona kuliko unavyojiona. Dakika zako kumi za kutupa haziwadanganyi, juu wana karata zako mia tano za wiki iliyopita. Basi wengi hawakuangalii, na wachache wanakujua mpaka mfupani. Katikati yao, mahali pa kuuzia sura ni padogo sana.

Sasa mifano mikubwa, ile wanayopenda kuitaja.

Wa kwanza ni Chris Moneymaker. Kila mwalimu wa kivulini anamjua. Mhasibu wa Tennessee, Marekani, aliyeingia kwa mashindano ya intaneti ya dola 86, akafika Las Vegas 2003, akawashinda watu 838 pamoja na mabingwa, akaondoka na dola milioni 2.5. Wanasema: "Unaona? Alimtisha Sam Farha kwa K-7 bila kitu!" Ni kweli alimtisha. Farha alikuwa na jozi ya 9, akatupa. Lakini tazameni mambo mawili. Moja, walikuwa wamebaki wawili tu mezani. Watu wakiwa wawili, K-7 ni karata ya kucheza. Watu wakiwa tisa na wewe uko kiti cha kwanza, ni ya kutupa. Mbili, hakuanza na sura tupu. Baada ya karata nne za katikati alikuwa na K ya shupaza na shupaza tatu zilikuwa zimelala pale, tena 7 yake ilikuwa imeungana na 6, 8 na 9. Alikuwa na milango mingi ya kushinda. Ya tano ilipomkosa, ndipo akasukuma jetoni zote. Huo siyo ushahidi wa kuingia na chochote. Ni ushahidi wa kuchagua mahali.

Wa pili ni Annette Obrestad, dada wa Norwei. 2007 alishinda mashindano ya intaneti ya watu 180 huku amefunika karata zake, na kwa maelezo yake aliziangalia mara moja tu. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, akashinda mashindano makubwa ya London na pauni milioni moja. Walimu wanapiga kelele: "Karata hazina maana!" Ninyi nanyi! Mtu aliyefunika karata zake alikuwa anaangalia nini? Alikuwa anaangalia viti na watu. Alijua nani amebaki nyuma yake, nani anaogopa, nani ana jetoni kidogo. Kijana wetu anafanya kinyume chake. Anaangalia karata zake mbili mbaya, anaziombea, na hajui hata watu wangapi bado hawajaongea. Ukitaka kumwiga Obrestad, anza kwa kuangalia wengine, siyo kwa kufikiria wengine wanakuangalia.

Wa tatu hawamtaji kabisa, kwa hiyo nitamtaja mimi. 2019 watafiti wa Carnegie Mellon na Facebook walitengeneza programu inaitwa Pluribus. Ilikaa na mabingwa watano kwenye meza ya watu sita, karata 10,000 kwa siku 12, ikawashinda. Na Pluribus haikubadilisha mchezo wake kwa kusoma tabia ya mtu fulani. Haikujali fulani anaionaje. Ilicheza karata sahihi, kiti sahihi, dau sahihi, basi. Kama sura ingekuwa ndiyo roho ya mchezo, mashine isiyohangaika na sura ya mtu ingeliwa mchana kweupe.

Nasikia mtu anasema: "Sasa wewe unawafundisha watoto kamari." Hapana. Nasema wazi. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya Uganda ya 2016 inakataza mtu chini ya miaka 25 kucheza kwa pesa. Siyo 18, ni 25. Vijana wengi wa hapa hawaijui, na hao walimu wanaowakusanya watoto wa miaka 16 hawaitaji. Na hata mwenye 25, akiingiza hela ya unga, hakuna hesabu itakayomsafisha. Meza yenyewe inakata fungu lake kwenye pesa ya katikati, kwa hiyo mkiwa wote mna uwezo sawa, wote mnapoteza polepole.

Lakini mahubiri peke yake hayatoshi, na hapa nawageukia ninyi wahudumu.

Kuna kituo kimoja cha vijana ambapo karata zilipigwa marufuku zote, hata zile za matatu ambazo watu wanacheza Uganda nzima bila senti. Sababu iliyotolewa ni kwamba karata zinaleta picha mbaya. Wageni wakija kutembelea, wakute vijana wanacheza karata, watasema nini? Sikilizeni neno hilo: picha. Kumbe ninyi pia mna ugonjwa uleule wa sura. Mliamua juu ya vijana kwa kuangalia wanavyoonekana, siyo wanachofanya. Matokeo yake, karata za makaratasi zimeondoka mezani mbele ya macho yenu, zikahamia ndani ya simu ambako hamwoni kitu, na mwalimu pekee aliyebaki ni yule wa elfu mbili.

Na sisi wakimbizi tunaijua biashara ya sura kuliko mtu yeyote. Hapa kijana anajifunza mapema kwamba maisha yake yanaamuliwa na namna anavyoonekana. Siku ya mahojiano mama anaogopa kuvaa kitenge kipya, wasije wakasema hana shida. Ukishika simu nzuri uliyopewa na shemeji, wanakutazama. Ukiongea Kiingereza vizuri, wanakutazama. Ukinyamaza, wanasema huna matatizo. Mtoto aliyekulia hapo, akisikia kwamba kuna mchezo ambao sura inashinda karata, ataamini mara moja, juu ndivyo alivyoona dunia ikienda. Msimcheke. Amefundishwa na madirisha ya ofisi zetu wenyewe.

Ndiyo maana nalichukia somo hili la uongo kuliko hasara ya pesa yenyewe. Linamthibitishia kijana kwamba alicho nacho mkononi hakina maana, cha maana ni watu wanamwonaje. Hapana, mdogo wangu. Angalia kwanza ulicho nacho. Halafu kiti ulichokalia. Halafu nani bado hajaongea. Sura inakuja ya nne, na mara nyingi haifiki.

Basi nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

La kwanza: karata zirudi kwenye vituo vya vijana, bila pesa kabisa. Tucheze kwa mahindi au maharagwe, na mwisho wa siku yarudi kwenye sufuria. Anayeleta shilingi mezani anatoka.

La pili: tufundishe hesabu kwa karata hizo. Namna 1,326, mara moja katika 221, gawa 2.5 kwa 4: hizo ni hesabu za shule. Nimeona mvulana aliyeacha shule darasa la sita akigawa desimali kwa furaha kwa sababu alitaka kujua kama K-6 inalipa. Mwalimu gani wa darasa la watoto mia moja amewahi kupata hilo?

La tatu: sheria ya miaka 25 ibandikwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa kwenye kila kibanda cha kuchaji simu. Watu hawawezi kufuata sheria wasiyoisoma.

La nne ni kwa walimu wa kivulini, na nawaambia bila kuwataja majina, mnajijua. Kama mnajua mchezo, njooni kituoni mfundishe bure, mbele ya watu, na tuwaulize maswali. Swali la kwanza nawapa sasa mjiandae: mchezaji yuko kiti cha kwanza, watu wanane nyuma yake, ana J-5, ametupa mara kumi mfululizo. Afanye nini, na hesabu yake ni ipi? Mkijibu "apandishe, wanamwogopa," tutawarudishia wanafunzi wenu wahesabu mbele yenu, na nyinyi mtawarudishia elfu mbili zao.